Mashine Ipo, Picha Iko Wapi?

Maneno ya Kamati ya Afya katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama

  

Mwaka jana tulisimama mahali hapa tukaahidi kurudi na jibu. Swali mnalikumbuka. Mwanachama mmoja, na tunamshukuru kwa ukali wake, aliinuka akauliza kwa nini chama kisichange pesa mara moja kikanunua mashine ya CT ya hospitali yetu, badala ya kila mwaka kuchangia magari ya kupeleka wagonjwa Mombasa. Mwingine akamjibu kuwa hakuna haja, kwa sababu iko kampuni ambayo imekwisha kuzungumza na kaunti, na italeta mashine yake yenyewe, bure. Neno hilo la “bure” ndilo lililotunyima usingizi. Mwaka mzima tumelizunguka. Tumewauliza madaktari waliozaliwa hapa na wanaofanya kazi kwingine, tumekaa na wauguzi wetu, tumesoma karatasi ambazo baadhi yetu tulilazimika kuzisoma mara tatu. Leo tunawaletea tulichokipata, na tunawaomba mtuvumilie kabla ya kupitisha kikapu.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa kuwa mlilichangia. Fundi wetu mmoja, ambaye familia yake imetuomba tusimtaje jina, alianguka kutoka juu ya paa la darasa lililokuwa likiezekwa. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Alikuwa akizungumza, aliuliza hata nyundo yake iko wapi. Hospitalini kwetu alipokewa vizuri. Daktari akamulika macho yake, akasema kichwa hiki lazima kipigwe picha ya CT, nasi CT hatuna. Akaomba basi angalau eksirei ya shingo. Chumba cha eksirei kilikuwa kimefungwa. Mpiga picha wetu alikuwa mmoja tu, na siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa kwenda kuzika. Hakumkosea mtu yeyote, kuzika ni haki yake. Lakini fikirini, eneo zima hili, na mionzi yake yote iko mikononi mwa mtu mmoja ambaye naye ana ndugu wanaokufa.

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kupeleka mzazi. Familia ikakodi Probox, viti vya nyuma vikalazwa, wakaingia Mombasa saa nne za usiku. Huko kituo cha binafsi kikataka pesa kabla ya kumlaza mgonjwa kwenye mashine. Simu zikaanza kulia. Wanachama wetu wa Mombasa na Nairobi wakatuma kwa M-Pesa, mwingine mia mbili, mwingine elfu tano, mpaka ikatimia. Picha ikaonyesha damu iliyokuwa ikijikusanya chini ya fuvu, ikiubana ubongo. Alfajiri akapasuliwa. Yuko hai, leo amekaa pale chini ya mwembe, ingawa mkono wake wa kushoto haujarudi kama zamani.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu hii wengi hawakuisikia. Aliporudi nyumbani alipewa bahasha yenye sidii ya picha zake. Daktari wetu alipotaka kuziangalia, kompyuta ya hospitali haikuwa na mahali pa kutia sidii. Ripoti ya maandishi haikuwemo ndani ya bahasha. Waliambiwa itatumwa baadaye. Haikutumwa. Wiki ya tatu kichwa kilipoanza kumuuma tena, familia ikaambiwa ianze upya, irudi Mombasa, ipige picha nyingine. Picha hiyo ya pili ndiyo iliyouza mtamba wao.

Tunawaeleza haya si kwa kutafuta machozi. Tunataka muone kwamba katika safari ile moja, mashine ilikuwa kitu kimojawapo tu kati ya vilivyokosekana. Hata kama CT ingekuwa pale hospitalini kwetu siku ile, Ijumaa saa tisa, mwenye ufunguo alikuwa mazikoni.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu habari ya kampuni kuleta mashine katika hospitali za umma si ngeni Kenya. Baada ya Katiba ya 2010, hospitali zetu zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013. Mwezi wa Februari 2015 serikali ya kitaifa ikatia saini mikataba na kampuni tano kuleta vifaa katika hospitali 98: mbili katika kila kaunti, na nne za kitaifa. Vilikuwemo vifaa vya vyumba vya upasuaji, vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, vya wagonjwa mahututi, na vifaa vya picha: eksirei za kidijitali, altrasaundi, mashine za kupima matiti. Serikali haikuvinunua. Ilivikodi kwa miaka saba, kwa hesabu iliyotajwa wakati ule ya shilingi bilioni 38, na kampuni zikaahidi kuvitunza na kuwafundisha watumiaji.

Mnaikumbuka siku mashine yetu ya eksirei ilipofika. Lori lilisindikizwa na pikipiki kutoka barabara kuu. Sisi wenyewe wa chama tulivaa fulana zetu tukaenda kusimama mbele ya yale masanduku. Tukiri ukweli, picha tulizopiga sisi pale uani siku ile zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo mashine yenyewe ilipiga katika miezi yake ya kwanza. Chumba kilikuwa hakijawa tayari. Mashine ya mionzi haiwekwi popote. Kuta zake na mlango wake hukingwa kwa risasi, ile madini, ili mionzi isimfikie mama aliyekaa kwenye benchi nje, na ni lazima chumba kikaguliwe na kipewe leseni. Stima yetu nayo mnaijua. Inakuja kama mgeni, haina taarifa. Basi mashine ikakaa. Na kwa kukaa kwake, kodi ilikuwa ikiendelea.

Hapo kwenye kodi ndipo tunapotaka mtusikilize. Mwanzoni kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, na kufikia mwaka wa fedha wa 2018/19 makato yakawa milioni 200. Pesa hizo hazikupita mikononi mwa kaunti. Zilikatwa Nairobi. Kaunti zilitozwa kiasi kimoja, hata pale zilipokuwa hazikupokea vifaa sawa. Magavana kadhaa walikataa kwanza kutia saini, wakisema hawajaonyeshwa mikataba wanayotakiwa kuilipia. Mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti, iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo wa Isiolo, ikatoa ripoti kali mno juu ya mpango huo: kaunti hazikushirikishwa ipasavyo, na katika hospitali mbalimbali vifaa vilikuwa vimekaa bila kazi kwa kukosa stima, maji, vyumba au wataalamu.

Mama mmoja wa kamati yetu, mwenye mashine ya kusaga hapo sokoni, ndiye aliyetuelezea jambo hili vizuri kuliko mawakili. Alisema: ukimkodisha mtu mashine yangu ya kusaga kwa mwezi, atanilipa awe na mahindi au asiwe nayo. Mvua ikikosa, mahindi yakikosa, kodi yangu iko pale pale. Lakini akija na gunia lake akalipia kilo alizosaga, basi siku asipokuja mimi ndiye mwenye hasara. Ndiyo tofauti yote. Mkataba ule wa 2015 ulikuwa wa kukodi kwa mwezi. Hospitali ililipa isage isisage.

Hatutaki kuwa watu wa kulaumu tu. Mpango ule ulifanya mambo. Wagonjwa wa figo katika kaunti nyingi, ambao zamani walikuwa wakihama nyumba zao kufuata mashine za kusafisha damu katika miji mikubwa, walizipata karibu. Na eksirei yetu, chumba kilipokamilika, ilipiga picha safi kuliko za ile ya zamani, ambayo filamu zake zilikuwa zikianikwa kama nguo. Na jambo la matengenezo lilikuwa la maana. Kifaa kikiharibika, mwenye kukitengeneza alijulikana.

Hili la matengenezo tunalisema kwa uchungu, maana sisi tuna kosa letu. Wanachama wa zamani wanajua tunakokwenda. Chama hiki kiliwahi kununua mashine ya altrasaundi kwa ajili ya akina mama wajawazito. Ilinunuliwa kwa jasho lenu, kwa chai za harambee, kwa kuku walionadiwa mpaka wakafikia bei ya mbuzi. Ilifanya kazi chini ya miaka miwili. Kile kichwa chake cha kupitisha tumboni kiliangushwa, kikapasuka kwa ndani. Tulipouliza bei ya kichwa kingine tuliambiwa bei iliyokaribia nusu ya mashine nzima, na aliyetuuzia alikuwa amekwisha kufunga duka. Hatukuwa na mkataba wa matengenezo. Hatukuuliza. Tulikuwa tumefurahi mno kukata utepe. Mashine ile iko stoo mpaka leo, imefunikwa kanga, na kila tukienda kukagua hesabu za hospitali tunaipita kama watu wanaompita mdai wao njiani.

Kwa hivyo kwa yule mwanachama aliyeuliza kwa nini tusinunue CT yetu wenyewe, jibu letu ni hapana, na tunalitoa tukiwa na mashine iliyofunikwa kanga kama ushahidi. Mashine ya CT inataka chumba chenye baridi mchana na usiku, stima isiyoyumba, na ndani yake mna mrija unaotoa mionzi ambao huchakaa na lazima ubadilishwe, nao ni wa bei ambayo harambee zetu za miaka kadhaa haziifikii. Kununua tungeweza kujikakamua. Kuitunza hatuwezi.

Basi tunabaki na yule wa pili, yule wa “bure”.

Mambo yamebadilika tangu 2015. Oktoba 2024 NHIF iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Na njia inayopendekezwa sasa kwa vifaa vya hospitali ni ile ya gunia: kampuni inaleta mashine, inaiweka, inaitunza, na inalipwa kwa kila huduma iliyotolewa, sehemu kubwa ya pesa ikitarajiwa kutoka SHA. Kampuni iliyokuja kwetu inataka utaratibu wa namna hiyo. Itatengeneza chumba, italeta CT, italeta na mfumo wa kupeleka picha kwa intaneti kwa madaktari bingwa walio mbali wazisome. Hospitali haitatoa senti ya kununua. Kila picha ikilipiwa, kampuni inachukua fungu lake na hospitali linabaki lake.

Kamati yetu haipingi jambo hili. Tuliingia tukiwa na wasiwasi, na baadhi yetu bado tunao, lakini kwa jumla tunaona ni njia bora kuliko ile ya kodi, na bora mara nyingi kuliko ile yetu ya kanga. Mashine ikilala, mwenye mashine ndiye anayepata hasara, kwa hivyo atahangaika kuiamsha. Lakini neno “bure” tunaomba lisitumike tena katika mikutano yetu. Mashine italipwa, na watakaoilipa ni wagonjwa wetu na michango ya SHA inayotoka mifukoni mwenu. Tunachopaswa kukijua ni italipwa namna gani, na nani atabaki nje ya mlango.

Chukueni mama ambaye hajalipa mchango wake wa SHA. Mjukuu wake amegongwa na bodaboda saa mbili usiku. Mashine iko umbali wa hatua ishirini kutoka kitanda chake, lakini si ya hospitali, ni ya kampuni, na mhudumu wa kampuni ana maagizo yake. Zamani daktari wetu aliweza kusema piga picha, hesabu tutazungumza asubuhi. Je, katika mkataba huu daktari wa zamu atabaki na mamlaka hayo? Tuliuliza. Tukajibiwa kuwa wagonjwa wa dharura watahudumiwa. Tukauliza imeandikwa wapi. Tukaambiwa mkataba bado ni rasimu.

Chukueni tena jambo la malipo kuchelewa. Hospitali nyingi nchini zimelalamika hadharani kuwa pesa za SHA huchukua muda kufika. Mashine ya hospitali haijui kama SHA imelipa au haijalipa. Mashine ya kampuni inajua. Miezi ikipita bila malipo, kampuni ina wafanyakazi na mkopo wa benki, itafanya nini? Hatusemi kwamba ni watu wabaya. Mfanyabiashara wa kweli hawezi kuuza kwa deni milele, hata duka la hapo njia panda lina lile tangazo lao mnalolijua. Ndiyo maana tunataka iandikwe ni siku ngapi, ni taarifa gani itatolewa, na ni nani atakayebeba gharama wakati huo ili mlango usifungwe.

Na upo upande wa pili wa malipo kwa kila picha. Mwenye kulipwa kwa idadi hupenda idadi. CT si picha ya harusi. Ina mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, na kwa mtoto ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Anayeamua mgonjwa apigwe picha lazima awe daktari wa hospitali asiyepata chochote kwa picha hiyo. Hili tunalishikilia kabisa.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi lakini ni la kusoma picha. Watu wengi, nasi tulikuwa hivyo, tunadhani mashine ndiyo inayotoa jibu. Haitoi. Inatoa vivuli vyeusi na vyeupe, mamia ya vipande kama mkate uliokatwa, na lazima mtu aliyesoma miaka mingi akae avitazame kimoja kimoja. Madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache, na wengi wako Nairobi na Mombasa. Kwa hivyo kupeleka picha kwa intaneti kunaweza kutufaa sana. Lakini daktari atakayesoma picha ya kichwa cha mtu wetu akiwa mji mwingine, pengine nchi nyingine, atakuwa na leseni ya wapi? Atatoa jibu kwa saa ngapi usiku? Daktari wetu akiwa na shaka, anaweza kumpigia simu wakazungumza?

Mwenzetu aliye Uingereza, muuguzi, alitukumbusha kuwa hata kwa wenye mashine za kila namna jambo hili huteleza. Mwaka 2017 wakaguzi wa afya wa huko waligundua kuwa katika hospitali moja kubwa ya umma huko Portsmouth, picha za kifua zaidi ya 20,000 hazikuwa zimesomwa na mtu mwenye ujuzi ufaao. Ziliachiwa madaktari wa kawaida. Miongoni mwa waliodhurika walikuwamo wagonjwa wa saratani ya mapafu ambao dalili zao zilikuwa pale pale kwenye picha. Huko mashine zilikuwepo, stima ilikuwepo, wapiga picha walikuwepo. Aliyekosekana ni wa kutazama. Tuliposoma barua yake hiyo, tuliikumbuka ile sidii ya fundi wetu ndani ya bahasha, nzima, inang'aa, haina wa kuifungua.

Tumefanya nini basi? Kwanza tumeandika barua kwa kaunti, kuomba tuonyeshwe rasimu ya mkataba kabla ya kutiwa saini. Hatukuandika kwa ubabe. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma itoe jibu ndani ya siku 21. Barua yetu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliipeleka kwa mkono, tukagongewa muhuri wa kupokelewa, na siku ya kumi na nane tukaitwa. Tulionyeshwa kurasa kadhaa, si zote. Walitupokea kwa heshima, tuseme haki, na afisa mmoja alitunong'oneza kwamba alifurahi kuona kuna watu wanaouliza. Kikao cha maoni ya wananchi kimetangazwa, na tarehe yake iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tafadhali njooni. Msitutume sisi saba peke yetu halafu baadaye mtuulize kwa nini.

Sasa tuje kwenye pesa, maana tunawaona wanadi wanaanza kujinyoosha.

Mwaka huu hatuchangishi mashine yoyote. Najua, najua, tunasikia minong'ono. Mashine hupigwa picha, huwekwa bamba lenye jina la mfadhili. Tunachochangia mwaka huu hakina mahali pa kubandika bamba.

Fungu kubwa ni karo ya vijana wawili wetu, msichana na mvulana, waliopata nafasi ya kusomea upigaji picha za matibabu katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC. Ni stashahada ya miaka mitatu. Wote wawili walifaulu, wote wawili walikuwa karibu kuiachia nafasi kwa kukosa karo. Msichana tumemwona akiuza viazi vya karai kituo cha matatu huku barua ya kuitwa chuo iko mfukoni. Wakimaliza, yule mpiga picha wetu mmoja ataweza kwenda kuzika.

Mtatuuliza, na mtakuwa na haki: wakihitimu wakaenda Nairobi, au Ghuba, je? Tumelibishania hili vikao viwili. Wengine walitaka wafungwe kwa mkataba wa miaka kumi. Wazee wakakataa, wakasema mtu hafungwi kamba kama ng'ombe. Tumekubaliana nao na wazazi wao, kwa maandishi, kuwa watatumikia hapa miaka mitatu endapo kaunti itawaajiri, na wakiondoka kabla watarudisha karo kidogo kidogo ili asomeshwe mwingine. Neno gumu liko hapo kwenye “endapo”. Nafasi za kazi si zetu, ni za kaunti. Tumeomba ahadi ya maandishi ya nafasi mbili. Mpaka leo tuna ahadi ya mdomo. Mgeni wetu wa heshima yuko hapa, amesikia, na tunaona amechukua kalamu.

Fungu la pili ni mfuko wa usiku. Hata mambo yote yakienda sawa, CT haitafika kesho, na wakati huo watu wataendelea kuanguka na kugongwa. Mfuko huu utalipia picha ya kwanza ya mgonjwa wa kichwa au wa mgongo anayepelekwa Mombasa, bila ya kungoja simu za M-Pesa zizunguke. Pesa zitalipwa moja kwa moja kwa kituo, hazitapewa mtu mkononi. Daktari wa zamu akithibitisha, watu wawili kati ya wanne walioteuliwa wakikubali kwa simu, inalipwa, hata iwe saa nane za usiku. Familia yenye uwezo itarudisha ikipata nafuu. Isiyo na uwezo haitadaiwa. Hesabu zitabandikwa hospitalini kila mwezi, bila ya majina ya wagonjwa.

Fungu la tatu ni dogo, nalo limetuchekesha sisi wenyewe. Ni kompyuta moja nzuri yenye kioo kizuri, pamoja na kifaa cha kusomea sidii, na laini ya intaneti ya mwaka mzima kwenye chumba cha daktari. Gharama yake ni ndogo kuliko tulivyotumia kwa fulana za siku ile ya lori. Kama ingekuwepo, mtamba ungekuwa bado zizini.

Kuhusu altrasaundi iliyo stoo, tumeuliza kwa mafundi wawili. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Tunapendekeza iandikiwe barua ya kuondolewa kwenye vitabu vya hospitali, na kanga yake irudishwe kwa mwenyewe, ambaye ameiulizia mara nyingi.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina, za rangi ya manjano ni za karo, za buluu ni za mfuko wa usiku. Mwenye kutaka kuchangia kompyuta aseme tu, haina fomu. Walio ng'ambo wataona namba ya akaunti ya chama ndani ya jalada. Tafadhali andikeni jina lenu na fungu mnalolichangia, maana mwaka jana tulipokea pesa tatu zisizo na wenyewe, na mweka hazina bado anazunguka nazo akiuliza. Kuku wa kunadiwa wako watano na jogoo mmoja. Tunaanza na jogoo.